Enoch Pilbeam, Dereva Aliyezima Injini Kilima cha Pargeter

Jumamosi ijayo, tarehe 28 Mei 1932, Bwana Enoch Pilbeam ataegesha basi lake katika depo yetu ya Camden kwa mara ya mwisho, baada ya miaka arobaini na mitatu ya utumishi. Miaka kumi na saba ya mwanzo aliipitisha akitazama mikia ya farasi, na iliyobaki ameipitisha nyuma ya usukani. Alipoajiriwa alikuwa na nywele nyingi na masharubu machache. Leo mambo yamegeuka, na hakuna dereva wa Mabasi ya Peregrine ambaye hajafundishwa naye jambo fulani au kufokewa naye kwa jambo hilohilo.

Aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu katika jarida letu ni mimi, Reuben Tapsell, kondakta wake wa tangu ujana. Wakubwa wameniomba niandike kwa ufupi na kwa adabu. Nitajitahidi kwenye ufupi.

Nyinyi vijana mnaopanda gari lenye matairi ya upepo, viti vya mito na paa la kuzuia mvua, hamtajua tulivyochukiwa. Basi la injini la mwaka 1906 lilikuwa balaa lenye magurudumu. Lilipopita, nyumba zilitetemeka na vikombe vikacheza kabatini. Moshi wake uliingia kwenye supu za watu. Oili yake ilidondoka barabarani, farasi wa wengine wakateleza na kuanguka, na wenye farasi walitutukania mama zetu kwa majina. Mvua ikinyesha, magurudumu yalirusha tope mpaka dirisha la ghorofani, na sketi ya mwanamke aliyevaa kwa ajili ya kanisa haikufika kanisani ikiwa na rangi yake. Gia zililia kama nguruwe anayechinjwa na kisu butu. Na tuliyapenda magari hayo, Mungu atusamehe! Tulipanda asubuhi vifua vimetutoka kama tumeyaunda wenyewe.

Sasa, mji mzima wa London ungeweza kutuvumilia, lakini si Camden. Camden ni mtaa wa watu wa piano. Pale Kilima cha Pargeter, nyumba moja wanatengeneza kibao, nyingine nyuzi, nyingine miguu, na karibu na kileleni aliishi Bwana Horace Cudlip, fundi wa kusawazisha sauti za piano, mtu mwenye masikio makali na hasira kali zaidi. Kazi yake ilihitaji kimya, na sisi tulipita mlangoni pake kutwa nzima. Akitega sikio kwenye uzi mmoja, basi linapita na nyuzi zote zinaitikia. Riziki yake ilikuwa inakwenda na upepo, na mwenye mdomo wa kuwakusanya majirani alikuwa yeye. Walifungua kesi ya kero, wakamwomba hakimu atuondoe kilimani moja kwa moja.

Chini ya kilima alikaa adui wa pili, Obed Strudwick, mchuuzi wa makaa ya mawe, na gari lake la farasi mkubwa mweusi aitwaye Admiral. Huyu hakwenda mahakamani. Yeye silaha yake ilikuwa ni mdomo. Kila basi likisimama na kukataa kuwaka, na yalikataa kila siku, Strudwick aliweka mikono mdomoni akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Kalete farasi!" Watu wakacheka. Kesho tena, "Kalete farasi!" Wakacheka kana kwamba ni mara ya kwanza. Bwana Pilbeam, ambaye farasi wake wawili, Clover na Juno, waliuzwa na kampuni siku ileile aliyopewa usukani, alikuwa akiuma meno na kutazama mbele.

Maana lazima niseme ukweli kuhusu Clover na Juno. Madereva wetu wote wa kwanza walitoka kwenye farasi, na mwili hausahau upesi. Wiki zake za mwanzo, Bwana Pilbeam aliliongoza basi kwa kulibembeleza. Likipanda kilima alilipigia ulimi. Likitaka kuzima alilisifu. Siku moja pale sokoni mwanamke alikatiza mbele yetu na ndoo, na badala ya kukanyaga breki, Bwana Pilbeam aliukumbatia usukani, akauvuta kifuani kwa nguvu zake zote kama mtu avutaye hatamu, na kupiga kelele: "Taratibu, Clover! Simama, mama!" Clover hakuwepo. Mwenye ndoo aliruka pembeni, sisi tukaingia kwenye genge la samaki, na mikunga hai, samaki wale kama nyoka, wakatambaa barabarani mpaka jioni. Nilikuta mmoja kwenye mfuko wangu wa nauli.

Kwa kosa hilo alipewa onyo. La pili likaja alipowapeleka abiria kwenye zizi la zamani badala ya depo, kwa mazoea, na likawa onyo la mwisho. Mkaguzi wetu wa wakati huo, Bwana Vosper, alimwambia mbele yetu sote: "Pilbeam, ukikosea tena hata kupenga kamasi, unarudisha beji." Na beji ya dereva wakati ule ndiyo mkate, kodi ya nyumba na viatu vya watoto. Mkewe Lottie alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Kwenye farasi hakukuwa na kurudi, maana farasi wenyewe walikuwa hawapo.

Ndipo ikafika Machi 1908. Kesi ya kilima ilikuwa isikilizwe Ijumaa, na kampuni ikatoa amri. Mtajua wenyewe kwamba kelele zetu mbaya kuliko zote zilikuwa za kuwasha injini: milipuko, moshi mweusi, mtu anazungusha mpini huku analaani. Basi amri ikawa kwamba, mpaka kesi iishe, hakuna basi kusimama Kilima cha Pargeter wala kuzima injini, kwa sababu yoyote ile. Atakayezima ameaga kazi.

Jumanne asubuhi tulifika chini ya kilima tumejaa, juu na ndani. Bwana Pilbeam akapunguza mwendo. Mbele, kuanzia katikati ya mteremko hadi karibu na kilele, barabara ilikuwa imetandikwa mabua ya ngano.

Siku hizi hamyaoni tena, lakini zamani kila mtu London aliyajua yale mabua. Nyumba ikiwa na mgonjwa aliye kati ya kufa na kupona, watu wake walimwaga mabua barabarani ili magurudumu yapite bila kishindo. Dereva wa farasi akiyaona aliwarudisha farasi kwenye mwendo wa hatua za polepole, akaweka mjeledi chini, na hata mlevi alipita ameshika mdomo. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Ilikuwa ni utu tu.

Mabua yale yalikuwa mbele ya mlango wa Cudlip. Mkewe, Bi. Adeline, alishikwa na nimonia, na daktari alikuwa amesema kwamba akipata usingizi atapona, na asipoupata wajiandae. Lakini mabasi mawili ya kwetu yalikuwa yameshatangulia asubuhi ile, na amri ni amri. Yalipita yakinguruma, mabua yakajisokota kwenye magurudumu na kuburutwa mpaka kileleni. Tulipofika sisi, wanawake wa mtaa walikuwa barabarani na mifagio, wanayafagia mabua kuyarudisha, na nyuso zao nisingependa kuziona tena.

"Haya, njooni!" mmoja akatupigia kelele. "Wauaji nyie! Njooni mmalizie!"

Bwana Pilbeam akatazama mabua. Akanyoosha mkono, akazima injini.

Kile kimya! Sikuwahi kujua kwamba basi letu lina kimya ndani yake. Nilishuka mbio nikamfuata mbele.

"Enoch, una wazimu? Vosper yuko pale juu kilimani na saa yake mkononi."

"Namwona."

"Basi washa!"

"Nikiwasha hapa, Reuben, nitamuua yule mama kwa mlipuko wa kwanza."

"Na usipowasha? Utakula nini? Lottie atakula nini?"

Bwana Pilbeam alivua kofia yake, akaiweka kwenye kiti, akashuka. Kugeuza hatukuweza, njia nyingine hatukuruhusiwa na polisi, na basi la pili lilikuwa linakuja nyuma yetu. Hapo ndipo, kutoka upande wa pili wa barabara, sauti tuliyoizoea ikasikika, ingawa safari hii kwa kunong'ona, maana hata Strudwick aliyaona mabua: "Kalete farasi."

Bwana Pilbeam akageuka, akavuka barabara moja kwa moja hadi kwake. Nilidhani sasa ngumi. Strudwick naye alidhani hivyo, akakunja mikono ya shati.

"Haya," akasema Bwana Pilbeam. "Mlete."

"Nimlete nani?"

"Farasi. Miaka miwili unaniambia nikalete farasi. Leo namtaka."

Strudwick alibaki mdomo wazi, makaa mpaka kwenye meno. Akamtazama Bwana Pilbeam, akatazama mabua, akatazama dirisha la Cudlip lenye pazia. Halafu akaanza kumfungua Admiral kwenye gari lake, akachana magunia ya makaa na kumfunga miguuni, kwato zote nne, kama anamvisha soksi mtoto. "Ukimwumiza mgongo," akasema, "nitakuzika kwenye hili gari lako linalonuka."

Wakati huo mimi nilikuwa na kazi ya kuwaeleza abiria. Nilianza hotuba nzuri sana, lakini bwana mmoja mnene mwenye kofia ndefu ya hariri alinikatiza.

"Nimelipa peni moja nibebwe, sikulipa nibebe!"

Mama mmoja mwenye kapu la nguo za kufua akamshika kiwiko. "Baba, mama yako alipokuwa anaumwa hawakummwagia mabua?"

Yule bwana alishuka, akavua koti lake la thamani akalikunja, akauliza kwa upole asukume sehemu gani.

Tukapanda. Mbele Admiral amefungwa kwa minyororo iliyoviringishwa magunia, na Bwana Pilbeam kando ya kichwa chake, ameshika hatamu kwa mara ya kwanza tangu Clover aondoke, akimnong'oneza maneno ambayo sikuyasikia. Strudwick alikaa kwenye usukani, maana mtu alihitajika pale, na nawahakikishia hajawahi kuonekana mwanadamu aliyeogopa kiti kama yule. Nyuma sisi wengine: mabega, mikono, tumbo la yule bwana. Wanawake wa mifagio wakaitupa mifagio wakaja upande. Tulihema tu. Basi la tani na tani likaingia kwenye mabua polepole, na sauti yake ilikuwa kama mtu anageuka kitandani.

Tulipofikia mlango wake, Cudlip akatoka. Alikuwa ameliona basi dirishani, akaja na ngumi juu na pumzi ya kututukana aliyoitunza miaka miwili. Alisimama kizingitini na ngumi ile hewani. Alimwona farasi mwenye magunia. Akamwona Bwana Pilbeam kichwa wazi kwenye manyunyu. Akatuona sisi. Ngumi ikashuka. Akaja na ndara zake ndani ya tope, akajipenyeza kati yangu na mama wa kufua, akaweka bega kwenye basi alilolichukia kuliko kitu chochote duniani, akasukuma.

Kileleni Bwana Vosper alitungoja, amebadilika rangi.

"Umezima injini, Pilbeam."

"Ndiyo, bosi."

"Amri uliisikia."

"Vizuri sana, bosi."

"Beji."

Akaivua, akampa. Cudlip aliyaona yote, amesimama na ndara moja, nyingine imebaki kwenye tope. Kisha likatokea jambo lililotuchekesha miaka mingi baadaye ingawa siku ile hakuna aliyecheka: Vosper aligeuka kuondoka, akatambua kwamba basi limejaa abiria na halina dereva, na yeye mwenyewe hawezi kuendesha hata toroli.

"Lipeleke mpaka depo kwanza," akasema.

"Nimeshafukuzwa, bosi," Bwana Pilbeam akamjibu. "Mtu asiye na beji haendeshi basi la watu. Polisi watakukamata wewe."

Ikabidi Vosper amrudishie beji mpaka depo, na kumnyang'anya tena pale.

Jumatano Bwana Pilbeam alikuwa nyumbani, na mimi nilipewa dereva mwingine. Tulipofika chini ya kilima huyo naye akazima injini. Basi la nyuma yetu likazima. La nyuma yake pia. Strudwick hakuuza makaa siku ile wala iliyofuata. Yeye na Admiral walipandisha mabasi kutwa, hataki malipo, anatukana kila mtu kwa sauti ya chini. Watu walikuja kutoka mitaa ya mbali kusukuma! Makarani walichelewa kazini kwa hiari yao. Na Vosper, kileleni, alifanya hesabu ya madereva atakaobaki nao akiwafukuza wote, akaamua kwamba saa yake imeharibika na inabidi aipeleke kwa fundi.

Alhamisi homa ya Bi. Adeline ilikatika. Mwenyewe ametueleza mara nyingi jinsi ilivyokuwa. Alifumbua macho, akasikiliza, mtaa kimya kabisa, na akasadiki kwamba amekufa na yuko mbinguni. Kisha akasikia mumewe anamlaani mtu huko nje kwa kukanyaga kidole chake, akajua kwamba bado yuko Camden, akalala tena kwa raha.

Ijumaa tulikwenda mahakamani, na Bwana Pilbeam akakaa nyuma kabisa. Cudlip alisimama mbele ya hakimu amevaa suti ya harusi.

"Mheshimiwa, yote niliyosema juu ya mabasi haya ni kweli, na siondoi hata moja. Yananuka. Yanabomoa nyumba. Yananila riziki. Lakini mkiyaondoa mtamwondoa na yule mtu aliyekaa pale nyuma, aliyepoteza kazi yake ili mke wangu alale. Mimi nataka basi linyamazishwe, na yeye arudishwe kwenye kiti chake."

Hakimu akavua miwani. "Bwana Cudlip, haya ni mashtaka au ni utetezi?"

"Vyote viwili, Mheshimiwa, na nina haraka, nimemwacha mgonjwa."

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko, na hakimu hakukemea mtu. Kampuni iliamriwa itulize mashine zake kabla ya majira ya baridi, la sivyo ikiage kilima. Jioni ileile wakili wetu alimletea Bwana Pilbeam beji yake, kwa sababu ingekuwa aibu isiyoandikika kumfukuza mtu ambaye mshtaki mwenyewe anamtetea. Nililia, nasema wazi. Enoch hakulia, alipenga kamasi kwa kishindo na kumwuliza Vosper kama hilo nalo ni kosa.

Yaliyofuata mnayajua. Gia mpya zilikuja, na Cudlip akawa anakuja depo bila kuitwa, anainamisha kichwa, anasema, "Hii inalia," na aghalabu ilikuwa inalia. Vita vilipokuja na vijana wakaondoka, Bwana Pilbeam ndiye aliyewafundisha wanawake ukondakta, na wawili kati yao walimshinda kwa kufoka, jambo analokiri kwa fahari. Amewafunza madereva wa vizazi viwili, na somo lake la kwanza halijabadilika: usivute usukani, hauna mdomo. La pili hulisema mara chache na kwa sauti ndogo, kwamba barabara ni sebule ya mtu, nawe unapita na viatu vya matope.

Shukrani zetu ziende kwake na kwa Lottie, aliyemngoja siku zile tatu bila beji na, kwa maneno yake, hakumwuliza swali hata moja maana alijua asingeolewa na mwanamume wa namna nyingine. Shukrani pia kwa Bi. Adeline Cudlip, mjane sasa, mwenye miaka themanini na usingizi mzuri.

Na hapa, wenzangu, someni kwa makini, kisha mfunge midomo. Jumamosi, safari yake ya mwisho ya alasiri, basi lake litafika chini ya Kilima cha Pargeter na kukuta mabua ya ngano. Bi. Adeline ameyaagiza mwenyewe kutoka shamba la Essex, kwa kuwa Camden hakuna tena zizi la kuyatoa. Nilimwuliza kama si mkosi kumwagia mabua mtu asiye mgonjwa. Akanijibu kwamba mabua ni ya mtu ambaye mtaa mzima unataka apumzike. Strudwick, ingawa mgongo umempinda, atakuwepo na mjukuu wa Admiral, magunia miguuni. Sisi tuje na mabega. Vosper mstaafu ameandika kwamba atasimama kileleni, bila saa.

Mwenyewe hajui lolote. Nakala yake ya jarida hili Lottie ameikalia, na hatampa mpaka Jumatatu.

Kwa hiyo, Enoch, ukiyasoma haya ni Jumatatu, upo jikoni na chai yako, na sisi tumeshakusukuma mpaka juu. Kaa hapo, ndugu yangu. Miaka yote iliyobaki ikupitie kwa hatua, bila mjeledi, na asiwepo mtu wa kukuwashia injini dirishani.